Herufi Mbili Chini Kushoto

Maringo, Nairobi
Jumapili, 17 Septemba 1995

Kwa Baba mpendwa,

Barua yako ya tarehe mbili ilinifikia Alhamisi, ikiwa imekunjwa mara nne kama kawaida yako. Natumaini hii yangu itakukuta ukitembea bila fimbo. Mke wa pasta alipokuja huku kwa mkutano wa akina mama aliniambia kwamba goti linakusumbua tangu mvua zizidi, na kwamba hata hivyo ulipanda baiskeli mpaka Kimilili kununua gazeti. Tafadhali ipumzishe baiskeli. Mama naye natumaini macho yake hayamwashi tena, na mahindi yameanza kukauka bila nyani kuyafikia.

Sisi hapa tu wazima. Shangazi bado anakohoa asubuhi, lakini hataki kwenda kliniki. Anasema kikohozi chake kina umri mkubwa kuliko yule daktari. Mumewe, Mzee Mulongo, yuko kazini reli, na kila mwisho wa mwezi anangoja kusikia kama jina lake limo katika orodha ya watakaopunguzwa. Mwezi uliopita halikuwamo. Alinunua mkate mzima, tukaula siku hiyo hiyo.

Umeniomba jambo moja, Baba. Umeniomba nipite katika ofisi za kile kiwanda cha rangi, niwaulize kwa heshima barua ya Patrobas ilipungukiwa na nini. Umesema tangu jibu lilipokuja mwezi wa nane, mdogo wangu hagusi gazeti, amerudi kuhesabu miwa kule kwenye kinu cha sukari guru, na ameapa hataandika barua nyingine ya kuomba kazi maishani mwake. Umesema pia kwamba wewe ulidhani barua ile haikuwa na kasoro. Nitakujibu. Lakini siwezi kukujibu kwa mstari mmoja, kwa hiyo nakuomba uketi vizuri, na ikiwezekana usimsomee mtu yeyote barua hii kabla hujafika mwisho.

Unajua nilitafuta kazi miaka miwili na miezi mitatu. Hujui jinsi nilivyoitafuta, kwa sababu katika barua zangu nilikuwa naandika tu kwamba najitahidi. Kila siku ya kazi niliamka saa kumi na mbili, nikavaa sketi ya kijivu niliyoivaa siku ya mahafali, nikavuka reli pamoja na watu wanaokwenda viwandani. Nilisoma vibao kwenye mageti, kisha nikarudi. Vibao havikubadilika kila siku, na mimi nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba mtu akikaa nyumbani wiki moja bila kuvaa viatu, wiki ya pili viatu vyenyewe vinamkataa. Shangazi aliwaambia wageni wake kwamba hajawahi kuona mtu anayechelewa kufika mahali asikoajiriwa. Akanisukuma mlangoni na uji wangu ukiwa nusu.

Barua za "tunasikitika" nilizitunza katika lile sanduku la bati la shule. Nilizisoma mara nyingi. Nilitaka kujua jinsi zinavyoundwa. Nyingi zina sentensi tatu: ya kwanza inashukuru, ya pili inasikitika, ya tatu inakutakia heri. Sikupata hata moja iliyotaja sababu. Nilijiambia kwamba siku nikipewa nafasi ya kuandika barua kama hizo, nitataja sababu.

Mlango wa pili kutoka kwetu anakaa Lydiah, mama anayeuza nguo za mitumba kando ya Jogoo Road, pamoja na mumewe Bedan. Bedan ni fundi wa kupaka magari rangi. Karakana aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa. Mwaka jana mwezi wa tatu Lydiah alikuja kwetu na karatasi mbili za fulskapu na kabeji moja kubwa. Gazetini kulikuwa na kazi, na tangazo lilisema maombi yaandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Unajua waajiri wanavyopenda masharti hayo. Wanaamini mwandiko wa mtu ni tabia yake. Lydiah alisema mumewe akishika kalamu utadhani ameshika nyoka, na nyoka mwenyewe yu hai. Aliniomba nimwandikie, na nisiandike vizuri mno, wasije wakadhani ni mwalimu anayetafuta brashi.

Nikamwandikia. Nililaza herufi upande mmoja, nikazifanya nzito kidogo. Wiki iliyofuata nikamwandikia kaka yake Lydiah, kwa herufi za mviringo, na yeye akapata kazi ya kuoka mikate. Basi habari zikaenea. Jioni nikirudi kutoka viwandani nakuta watu wawili watatu wameketi kwenye ngazi na fulskapu zao zimekunjwa ndani ya gazeti zisichafuke. Waliniita Sista Barua. Kila mmoja nilimpa mwandiko wake, na nakiri kwamba nilifurahia. Nilikaa na mtu, nikamtazama anavyoketi, anavyoongea, kisha nikamtafutia herufi zinazomfaa. Maombi yangu mwenyewe yalikuwa yakirudi na masikitiko, lakini haya ya watu yalikuwa yakiitwa. Sikujua nifikirie nini juu ya jambo hilo, kwa hiyo sikulifikiria.

Nilibadilisha mwandiko, Baba, lakini sentensi moja sikuibadilisha. Niliiweka katika kila barua, karibu na mwisho, kwa sababu sikupata nyingine iliyoizidi: kwamba jambo nikifundishwa mara moja, halinitoki. Unaijua. Ndiyo uliyokuwa ukituimbisha asubuhi darasa zima kabla hujafuta ubao. Kwa Kiingereza inasikika vizuri zaidi, au labda niliizoea tu.

Januari mwaka huu kile kiwanda cha rangi kilitangaza nafasi kadhaa za vibarua wa kudumu, na moja ya karani. Niliwaandikia majirani sita, na mimi nikaomba ile ya karani. Sote saba tuliitwa asubuhi moja. Nilifurahi kijinga. Tulivuka reli kwa kundi, Bedan akiwa amevaa tai ya Mzee Mulongo, na Zedekiah, yule mbeba mizigo wa sokoni, akituambia njia nzima kwamba leo Maringo inahamia kiwandani, wenye kiwanda watafute pengine pa kukaa.

Afisa wa wafanyakazi anaitwa Bwana Matheka, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Alitupa kila mmoja karatasi na kalamu, akasema kila mtu aandike jina lake, anwani yake, na sababu ya kuitaka kazi. Bedan aliinama juu ya karatasi ulimi nje. Zedekiah hakujaribu hata kidogo. Aliweka kalamu chini akasema, mkubwa, usitutese bure, aliyeandika ni yule msichana wa sketi ya kijivu, ndiye msomi wetu, na mwandiko anao wa kutosha mtaa mzima. Watu walicheka. Hata Bwana Matheka alipangusa mdomo kwa kiganja.

Wenzangu waliambiwa wangoje nje, mimi nikaitwa ofisini. Barua saba zilikuwa zimepangwa mezani kama kadi. Alisema mwandiko ulimdanganya kabisa. Kama si ile sentensi, asingetambua. Alisema watu saba kutoka mtaa mmoja, na hakuna hata mmoja anayesahau alichofundishwa: huo mtaa ungekuwa umeshainunua Nairobi yote. Mimi nilikuwa nawaza mahakama za Makadara, kwamba ziko karibu na nitafika kwa miguu. Badala yake aliniuliza ni ipi niliyoiandika kwanza, na ni kwa nini ya Zedekiah ina herufi kubwa hivyo. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba maombi humjia kwa magunia, kwamba nusu yake yameandikwa na watu kama mimi, na kwamba dawa ya moto ni moto. Akanipa kazi ya karani. Kazi yenyewe ni kusoma maombi na kuyatoa yale ambayo hayakuandikwa na wenyewe. Aliweka sharti moja: siku atakayoiona tena sentensi ile katika barua yoyote iliyopita mikononi mwangu, nitatoka kwa lile geti bila kurudi kuchukua koti.

Nilikubali, Baba. Wale sita walirudishwa nyumbani. Sikupita mbele yao kutoka. Nilipitia mlango wa nyuma, wa lori za mapipa.

Siku iliyofuata, kwenye mfereji, Lydiah alinipisha nikinge maji kabla yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mpisheni mkubwa, jamani. Kumbe sisi tulikuwa ngazi, na ngazi haipandi pamoja na mtu." Wanawake wengine walitazama ndoo zao. Tangu siku hiyo haniiti kwa jina. Bedan yeye bado ananisalimu kila asubuhi, tena kwa upole, na salamu ya Bedan ndiyo inayonitia uvivu wa kutoka nyumbani.

Ndiyo maana nilipokuandikia mwezi wa pili nilisema tu kwamba nimepata kazi ya ofisi katika eneo la viwanda. Sikutaja kiwanda. Sikutaka uulize nimeipataje. Niliandikiwa kwamba ulisimama kanisani ukatangaza, na kwamba waliimba wimbo wa shukrani. Nilisoma habari hiyo nikiwa kazini, nikaikunja, nikaendelea na magunia.

Katika kazi hii mimi ni hodari. Nasema hivyo bila haya na bila fahari. Barua isiyo ya mwenyewe hutambulika kwa sahihi. Juu mwandiko unatembea kama mtu mwenye haraka na nguvu, chini sahihi inachechemea. Pia hutambulika kwa sifa: mtu akijisifu mwenyewe husita kidogo, kalamu huacha alama ndogo mahali iliposimama, anayemsifu mwenzake hasiti. Natoa barua hizo, naziweka katika katoni chini ya meza, na Ijumaa napiga taipu majibu yake. Yana sentensi tatu. Nilijaribu mara moja kuongeza ya nne, ya kutaja sababu. Bwana Matheka aliifuta kwa kalamu nyekundu, akasema sababu ni mbegu ya mabishano. Sikujaribu tena.

Mwezi wa saba tulitangaza nafasi ishirini za makarani wa stoo. Yalikuja magunia matatu. Siku ya pili, kama saa tano asubuhi, nilitoa bahasha nikaona anwani yake, nikafikiri ni barua yangu. Nilifikiri hivyo kwa moyo wote, Baba. Niliona ile herufi ya kwanza inayoanzia chini na kupanda kama mtu anayepanda ngazi za ubao, nikajua ni wewe, na kwamba kuna mtu amefariki nyumbani, na kwamba kwa namna fulani umejua nafanya kazi wapi. Niliipasua kwa kidole. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne.

Ilikuwa ni Patrobas anaomba kazi. Nilisoma wewe ukisema una miaka ishirini na minne. Nilisoma ukisema umemaliza kidato cha nne, unahesabu miwa kinuni na hesabu yako haijawahi kukosewa, wewe ni mtiifu na huchelewi. Nilitazama sahihi chini: Patrobas Wafula, kwa herufi zinazoanguka huku na huku kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Na juu kidogo ya sahihi, kwa mwandiko wako ulionyooka, ilikuwa ile sentensi. Jambo nikifundishwa mara moja, halinitoki.

Nimejaribu kuandika aya hii mara tatu, na mara zote nimeandika kwamba nilifuata kanuni. Ni kweli kanuni ilikuwepo. Ni kweli pia kwamba wiki ile ile nilikuwa nimetoa barua ya mwanamke wa Tassia mwenye watoto wanne, kwa kosa hilo hilo, na kwamba nisingeweza kuitoa yake nikaiacha ya ndugu yangu. Hayo yote ningeweza kukuambia, na ungeniheshimu, maana ndivyo ulivyonilea. Lakini siyo yaliyonipitia kichwani. Mwandiko wako hakuna mtu mwingine pale ambaye angeutambua. Ningeuacha upite na ningelala vizuri. Kilichoniogopesha ni sentensi. Nilijua Bwana Matheka akiiona atajua ni mimi nimerudia, na hata nikimwapia kwamba ni maneno ya baba yangu hatanisadiki. Niliwaza koti langu limetundikwa nyuma ya mlango. Niliwaza vibao kwenye mageti. Halafu nikaiweka barua yenu katika katoni, chini, nikaweka nyingine juu yake.

Mimi ndiye niliyemnyima Patrobas kazi ile. Alikuwa anaitosha, nimeona waliochukuliwa. Na lile jibu mlilopokea mwezi wa nane, kama Mama hajawashia moto, litazame chini upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna anayesoma. Utaona herufi kubwa za Bwana Matheka, kisha kimstari, kisha herufi mbili ndogo: nn. Karani anayepiga taipu huweka herufi za jina lake hapo. Ni Nekesa Nalianya. Jina lako, Baba, niliweka nusu yake pale. Niliipiga taipu bila kosa hata moja, na nikalamba stempu mwenyewe.

Sikuamua kukuambia kwa wema. Niliamua Alhamisi, niliposoma ombi lako la kwamba nikaulize kwa heshima. Nilijiona nikikuandikia kwamba nimeuliza na hawakutaja sababu. Nilikuwa nimeshaanza sentensi hiyo kichwani, na ilikuwa nzuri.

Ijumaa niliingia kwa Bwana Matheka nikamweleza yote. Nilikuwa nimevaa koti, ili nisiwe na cha kurudia. Aliuliza kama barua bado ipo. Katoni hupelekwa kuchomwa, lakini yenu nilikuwa nimeitoa siku ile ile jioni, nami ninayo katika sanduku la bati, juu ya zile zangu. Kisha akauliza kama huyo ndugu yangu anajua kuandika au hajui. Nilimwambia anajua. Alisema mwezi ujao kuna nafasi nyingine za stoo, kwa sababu ya mtambo mpya. Aombe kama watu wengine, kwa mkono wake, na barua yake ataisoma Eve, mwenzangu wa meza ya pili, mimi nisiiguse. Kuhusu mimi alisema nivue koti nikafanye kazi, atanifikiria. Mpaka leo sijui maana ya kunifikiria. Yawezekana barua ijayo nitakuandikia kutoka kwenye vibao. Nimeshaipiga pasi ile sketi.

Jana nilimpelekea Bedan fulskapu mbili. Lydiah alinifungulia, akanitazama, akasema, "Leo kabeji sina." Nilimwambia sikuja kuandika, nimekuja kuketi. Bedan aliandika barua yake ya kuomba kazi mwenyewe tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, ulimi nje, na mimi nilikalia mikono yangu. Alikosea jina la mtaa mara mbili. Katikati aliniuliza aweke ile sentensi yangu nzuri. Nikamwambia aweke yake. Alifikiri, kisha akaandika kwamba yeye akipaka gari, mwenye gari halijui tena kama ni lake. Sidhani nimewahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Nilipoondoka Lydiah hakunisindikiza, ila alisema, "Haya, Nekesa."

Sasa nakuja kwa Patrobas, na hapa naomba unisamehe mapema, kwa sababu mtoto hamfundishi mwalimu.

Uliandika badala yake kwa sababu unauonea haya mwandiko wake. Umeuita njia ya kuku tangu akiwa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa darasa la nne mwaka ule, dirisha letu lilitazamana na lenu. Nilikuona ukimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kitambaa ili ajifunze kwa wa kulia. Sikulaumu. Kila mwalimu wakati ule alifanya hivyo, na nyumbani pia mtu akikupa kitu kwa mkono wa kushoto ni tusi. Aliuzoea wa kulia, kama mtu anavyozoea kiatu kisicho chake, na ndivyo anavyoandika hadi leo.

Ila kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Wakati wa likizo mwaka huo tulikuwa tunachunga ng'ombe kule mtoni, na nilimkuta amechuchumaa mchangani ameshika kijiti. Aliandika jina lake lote, na la Mama, na lako, kwa mkono wa kushoto. Aliponiona alifuta kwa mguu haraka. Lakini nilikuwa nimeshaona, Baba. Ulikuwa mwandiko wako. Ile herufi ya kwanza inayoanzia chini, ule mnyooko, hata ule mkia wa mwisho. Mimi nilijifunza kwako kwa bidii miaka saba na bado ninauiga tu. Yeye alikuwa nao bila kufundishwa, kwenye mkono uliofungwa.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi. Barua ile ilipungukiwa na mwenyewe.

Usimlazimishe. Msomee barua hii, hata mahali panaponiaibisha, hasa hapo, ili ajue kwamba hakukataliwa na dunia. Alikataliwa na dada yake aliyekuwa anaogopa. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Kisha mpe kalamu, na wewe utoke nje utembeze goti lako. Akiuliza aandike kwa mkono upi, nakuomba wewe ndiye umwambie, siyo mimi wala Mama. Kutoka kwangu litakuwa neno tu.

Nimeambatanisha kipande cha gazeti chenye tangazo. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa tarehe kumi na tatu mwezi wa kumi. Nimeweka fulskapu mbili safi, iwapo ya kwanza itaharibika. Nimeweka pia bahasha yenye stempu. Anwani sijaiandika.

Nisalimie Mama na umwambie lile shuka alilonitumia ndilo ninalojifunika. Nisalimie Bibi, na mnipe habari za yule ndama mwekundu. Shangazi anasema nikupe salamu, na kwamba ukija Desemba uje na mtama wa uji, wa hapa una mawe. Patrobas simtumii salamu kupitia kwako. Nitamngoja aniandikie, au asiniandikie.

Nabaki kuwa binti yako, kama bado unaniruhusu nitumie jina lako zima,

Nekesa Nalianya